Soketi Niliyosema Imepimwa

Dada yangu haamini kitufe. Mletee soketi mpya kabisa, imetoka kwenye boksi lake na karatasi ya maelezo ya lugha tisa, bado atafungua mkoba wake, atatoa taa ndogo ya mezani yenye kofia iliyobonyea upande mmoja, ataichomeka, kisha atakuambia ubonyeze kitufe cha kupima wewe mwenyewe. Taa ikizimika, anakubali kwa kichwa. Isipozimika hasemi neno, anatafuta bisibisi.

Kwa sababu hiyo mtaa mzima unamwita Mama Taa. Ni fundi umeme, na huu ni mwaka wake wa ishirini na saba kazini. Mimi ni fundi maji, nimepitisha mabomba katika nusu ya nyumba za huku kwetu, na bado watu wakinikuta njiani wanauliza, "Wewe si ndiye mdogo wake Mama Taa?" Sina kinyongo. Au ninacho kidogo, na ndicho kilichonitia kwenye haya ninayotaka kuyaeleza.

Ni mfupi, mpana wa viganja, na ovaroli yake ya bluu huipiga pasi utadhani anakwenda harusini. Alisoma chuo cha ufundi katika darasa la watu thelathini na mmoja, mwanamke peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama amepotea, maana darasa la ushonaji liko jengo la pili. Akamjibu kwamba huko atakwenda saa nane, kuna cherehani ya umeme inawapiga shoti na hakuna mwanamume aliyeiweza. Kama ni kweli au ametia chumvi sijui, lakini ndivyo anavyosimulia, na hakuna anayethubutu kumbishia.

Aliajiriwa kiwanda cha sabuni, akakaa miaka tisa. Aliacha siku bosi wake alipomletea fomu za ukaguzi za jengo zima, zimeshajazwa, zinasubiri sahihi yake tu. Dada akasema hajapima hata soketi moja ya jengo hilo. Bosi akasema kila fundi anasaini hivyo hivyo, ni utaratibu. Dada akaiweka kalamu mezani, akaenda kwenye kabati lake kuchukua ovaroli, akarudi nyumbani kwa miguu. Mwezi uliofuata alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na mkoba begani. Hakuwahi kulalamika, ila ukimgusia habari za kusaini kazi ambayo haijapimwa, ondoka karibu.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni soketi za kujikata. Ndizo zile zinazowekwa bafuni, jikoni na nje, mahali penye maji, zenye vitufe viwili usoni: kimoja cha kupima, kingine cha kurudisha. Yeye huwaeleza watu hivi: umeme unaokwenda kwenye chombo lazima urudi wote. Ukipungua hata kidogo, maana yake umepata njia nyingine ya kupita, na njia hiyo huenda ni wewe, umesimama kwenye maji bila viatu. Soketi nzima inauona upungufu huo na kujikata kabla hujapepesa jicho. Soketi mbovu haioni chochote. Kwa kuzitazama tu ukutani huwezi kuzitofautisha.

"Kitufe kinaweza kulia tik na umeme ukawa palepale," huwaambia. "Chomeka taa. Bonyeza cha kupima, taa izimike. Bonyeza cha kurudisha, taa iwake. Na ni kila mwezi, siyo siku ya kuhamia tu."

Kuna daktari wa meno mmoja aliyemwita nyumbani kwake amtengenezee feni. Huyu bwana alijisifu kwamba soketi zake za jikoni huzipima kila mwezi, anabonyeza, anasikia tik, anaendelea na chai yake. Dada akachomeka taa kwenye soketi yenye vitufe, akabonyeza, ikazimika. Vizuri. Akairudisha, kisha akaihamishia taa kwenye soketi ya pili, ile ya karibu na sinki, ambayo daktari aliamini inalindwa na ya kwanza. Akabonyeza tena kule kwenye kitufe. Taa ikaendelea kuwaka kana kwamba haijaambiwa kitu. Kumbe ile ya pili ilikuwa na waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, haina udugu wowote na ya kwanza.

"Daktari," dada akamwambia, "mgonjwa akikuambia jino haliumi, unamwamini au unaligonga?"

Daktari akasema analigonga.

"Basi na mimi nagonga."

Nilimwuliza siku moja kwa nini asitumie kile kipimo chake cha kuchomeka chenye taa tatu za rangi, maana anacho. Akasema anakitumia pia, lakini nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi, na humo kipimo hicho hakiwezi kuikata soketi hata kama soketi ni nzima. Tena mwenye nyumba haelewi taa tatu za rangi. "Taa ya mezani ikizimika anaelewa hata bibi wa miaka tisini," akasema, "na siku nikiwa sipo ataipima mwenyewe." Akimaliza kazi huandika tarehe kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la sinki, na chini yake huacha nafasi ya tarehe za miezi inayokuja.

Sasa nije kwenye langu.

Mama yetu alifanyiwa upasuaji wa goti. Tukakubaliana kwamba akitoka hospitali akakae kwa kitinda mimba wetu, kwa kuwa nyumba yake haina ngazi. Mume wa kitinda mimba ni kinyozi, mtu mwema, mcheshi, na mdomo wake haujui likizo. Ukimwambia jambo saa tatu asubuhi, ikifika adhuhuri kila kichwa alichokinyoa kinalijua. Yeye ndiye aliyelitoa bafu lake litengenezwe upya kwa ajili ya mkwewe. Kazi ya maji na vigae nikapewa mimi, ya umeme akapewa dada.

Bafu lenyewe ni dogo. Kuna sinki ukutani, mashine ya kufulia ubavuni mwa sinki, na kati ya mashine na bomba la mvua nafasi ya kiti cha plastiki ambacho Mama angekalia akioga. Tulikiweka kiti hapo, mimi na kinyozi, nikakikalia nikijifanya Mama, na tuliona kwamba akitaka kuinuka kitu pekee cha kushika ni mashine. Mkono uliolowa juu ya bati la mashine, miguu kwenye sakafu yenye maji. Dada aliposikia hivyo alisema kwanza nifunge chuma cha kushikia ukutani, nikakifunga. Akasema na soketi ya mashine lazima iwe ya kujikata, maana mtu mwenye goti bovu anashika kilicho karibu, siyo kilichowekwa kwa ajili yake. Ataileta mpya Jumamosi, siku ambayo Mama anaruhusiwa.

"Usiiguse," akaniambia. "Wewe maliza mabomba yako, niachie tundu langu ukutani."

Nilimaliza vigae Jumanne. Kazi ilipendeza, ila tundu lile lilinikera, nyaya zinachungulia katikati ya ukuta wangu mzuri. Na mara ngapi nimemshikia dada tochi? Nimemwona akifunga soketi hizi mpaka ningeweza kuzifunga usingizini. Nikaenda stoo kwake, nikachukua moja iliyokuwa bado ndani ya boksi lake, safi, nikarudi, nikazima umeme kwenye kisanduku kikuu, nikaifunga. Ulikuwa ujuaji, na sitafuti jina la heshima la kuuita.

Ndani ya tundu mna nyaya mbili. Mmoja unaleta umeme, mwingine unaupeleka mbele kwenye soketi ya jikoni, na nyuma ya soketi kila mmoja una mahali pake palipoandikwa. Nilichotakiwa kujua ni upi unaoleta. Dada angepima. Mimi nikafikiri kifundi maji: kinacholeta hutokea chini, kinachopeleka hupanda juu. Waya wa chini nikaufunga kwenye kuingia, wa juu nikaufunga kwenye kutoka. Nikawasha umeme, nikabonyeza kitufe. Tik. Na kule jikoni friji likanyamaza. Nikabonyeza cha kurudisha, friji likaanza kunguruma. Nikajiambia, kumbe ni haya tu anayotuvimbia miaka yote.

Jioni kinyozi akarudi kutoka kazini, akaona ukuta umefungwa, akafurahi. "Shemeji," akauliza, "dada ameshakuja kuipima?"

Ningeweza kusema hapana. Mdomo ulikuwa wangu na nafasi ilikuwepo. Nikasema, "Alipita mchana. Ameipima, iko safi."

Dada sikumwambia kitu, si siku ile wala zilizofuata. Nilipanga nimwoneshe Jumamosi, soketi ikiwa inafanya kazi mbele yake, akose la kusema. Nilikuwa naisubiri sura yake kwa hamu.

Jumamosi saa sita alifika na mkoba wake na boksi la soketi mpya kwapani. Kitinda mimba alikuwa amekwenda hospitali kumchukua Mama, wangerudi saa tisa. Nikamtangulia dada mpaka bafuni, natabasamu. Akatazama ukuta, akatazama soketi, akanitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo kinyozi akaingia nyuma yetu na taulo begani.

"Dada, na soketi nyingine ya nini tena? Si uliipima mwenyewe Jumanne? Shemeji kaniambia."

Dada yangu hasemi uongo kuhusu kazi yake, hata kwa mzaha. Alinitazama kitambo, na nikajua ananipa nafasi niseme mwenyewe. Mimi nikaangalia vigae vyangu. Vilikuwa vimenyooka sana.

"Nimekuja kuipima tena," akasema.

Alinisitiri. Mbele ya shemeji yetu, ndani ya nyumba yake, hakutaka niumbuke. Akapiga magoti, akatoa taa, akaichomeka, ikawaka. Akamwambia kinyozi abonyeze. Kinyozi akafuta kidole kwenye taulo, akabonyeza. Tik. Jikoni friji likanyamaza.

Taa ikaendelea kuwaka.

Kinyozi akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Hakuna kilichobadilika. Mwanga ulimulika ubavu wa mashine, kiti cha plastiki, na sabuni mpya ambayo kitinda mimba alikuwa amemwekea Mama, bado iko ndani ya karatasi yake. Niliogopa, na siyo woga wa kuumbuka. Nilimwona Mama ameketi pale, maji yanamtiririka, ananyoosha mkono kwenye mashine ili ainuke. Kama mashine ingekuwa na hitilafu ndogo tu ndani yake, soketi yangu ingemtazama tu.

"Inakata jikoni, haikati hapa," dada akasema polepole. "Nyaya zimegeuzwa. Soketi za siku hizi ukizigeuza zinagoma kurudi, unajua palepale kwamba umekosea. Hii ni ya zamani, inakubali chochote."

Akaenda kwenye kisanduku kikuu, akazima umeme, akarudi, akaanza kufungua skrubu. Kinyozi alikuwa bado amesimama na taulo lake.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "sasa Jumanne uliipimaje?"

Dada akageukia skrubu ya pili. Angeweza kusema maneno mawili, "Sikuja Jumanne," na yangeisha. Hakuyasema. Aliendelea kuzungusha bisibisi, nami nikaanza kupiga hesabu ya mambo yatakavyokwenda. Nilimjua kinyozi. Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza akikaa kitini, habari ingekuwa kwamba Mama Taa alipitisha soketi mbovu kwenye bafu la mama yake mzazi. Mtu aliyeacha mshahara ili asisaini asichokipima, leo anabeba kosa la mdogo wake na anafunga mdomo.

"Hakuja," nikasema.

"Unasema?"

"Dada hakuja Jumanne. Soketi niliifunga mimi. Niliichukua stoo kwake bila kumwambia, na alikuwa amenikataza nisiguse. Nikakudanganya kwamba ameipima. Yeye ameiona leo kwa mara ya kwanza, kama wewe."

Kinyozi akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Alikaa muda akikunja na kukunjua taulo. "Shemeji," akasema, "mke wangu angemwingiza mama yake humu saa kumi."

Dada hakugeuka, ila mabega yake yalishuka kidogo. "Njoo hapa," akaniambia. "Hushiki kitu, unaangalia tu." Akazitoa nyaya kwenye soketi, akazitenganisha vizuri, akamtuma kinyozi akawashe umeme, kisha akagusa kila mmoja kwa kipimo. Wa chini, kimya. Wa juu, kipimo kikawaka.

"Umeme wa nyumba hii unashuka kutoka darini," akasema. "Haujui mambo ya pampu, mdogo wangu."

Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza. Mimi nikacheka baadaye, kicheko cha aibu, na dada akakaza midomo ili asicheke kabisa. Akazima umeme tena, akafunga soketi mpya, waya wa juu kwenye kuingia, wa chini kwenye kutoka. Ile ya zamani akaivunja vitufe vyake kwa koleo pale pale ili pasitokee mjuaji mwingine. Umeme ukarudi. Taa ikachomekwa. Kinyozi akabonyeza, ikazimika. Akarudisha, ikawaka. Dada akaihamishia taa jikoni, mimi nikabaki bafuni kubonyeza, na nikasikia kinyozi akipaza sauti kutoka kule, "Imezimika." Tulirudia mara tatu kwa sababu alitaka mara tatu.

Alipokuwa anaandika tarehe ndani ya kabati, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka machache.

"Kugeuza waya ni kosa la kazi," akasema bila kuacha kuandika. "Nami nimewahi kukosea, na nitakosea tena. Lakini kusema nimepima wakati sijapima, hilo usilirudie hata nikiwa nimeshakufa."

Nikasema sitalirudia. Akanipa penseli nimrudishie mkobani, tukawa tumemaliza.

Mama alifika saa tisa na nusu, na magongo yake mawili na mfuko wa dawa. Hata chai alikataa. Alisema ananuka hospitali kuanzia utosini hadi unyayoni na anachotaka ni kuoga, sasa hivi, kabla hajasalimiana na mtu mwingine. Tulikuwa wote sebuleni. Kinyozi akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akauacha mdomo wake upumzike. Dada naye alikuwa anakunja waya wa taa yake, hanitazami. Hakuna aliyenilazimisha. Bafu lilikuwa salama, Mama angeoga na asingejua lolote.

Nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamweleza yote. Sikupunguza: nilivyokatazwa, nilivyoifunga, uongo niliomwambia mkwewe, taa iliyokataa kuzimika. Mama alisikiliza huku ameshika magongo yake kwa mkono mmoja. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Kwa hiyo ningeoga."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ungekuwa umekaa hapa sebuleni."

"Ndiyo."

Nimewahi kusema ndiyo nyingi katika maisha yangu. Hizo mbili zilinitoka na machozi, na sikuyaficha. Mama akatazama mlango wa bafu, akanitazama mimi. Dada alikuwa amesimama karibu naye zaidi, akamnyooshea mkono amwinue. Mama akaupita mkono ule, akashika wangu.

"Nishike vizuri," akasema. "Goti lenyewe bado halijanizoea."

Nikamshika, tukaenda hatua moja moja mpaka bafuni.